Chupa Isiyotikiswa

Jovita, muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu huku Muleba, aliuchunguza mwendo wangu kuliko hata mke wangu. Alihamia kwetu mwaka 1975 akitokea Nyanga, Bukoba, na kwa ukali wake angeweza kuongoza gwaride peke yake.

Wakati huo mimi nilikuwa naharisha. Yaani, nilisema naharisha. Kuhara kwenyewe kulidumu siku tatu, mwaka mmoja nyuma, nikapewa chupa ya dawa nyeupe iliyoandikwa "Tikisa kabla ya kunywa." Nikasahau kutikisa, nikanywa maji ya juu. Mama yangu! Uchovu wote wa shamba la ujamaa ukaisha. Tangu hapo kila Jumatatu nilipanga foleni nimeshika tumbo, kisha narudi nyumbani polepole, chupa wima kifuani, ili ule unga utulie chini.

Jovita alinitazama wiki mbili. Wiki ya tatu alinifuata njiani, akaninyang'anya chupa na kuitikisa mpaka nikapiga kelele.

"Tata Mutalemwa, mtu anayeharisha hatembei hivyo," alisema. "Anakimbia. Humo juu mna kasumba, dawa ya kulevya, nayo imekushika."

Nilimtukana. Lakini wiki ileile walikuja watu kumposa binti yangu Klaudia, nami nikasinzia mshenga akiwa katikati ya maneno, uso ukaingia kwenye sahani ya ndizi. Walisema watarudi baada ya wiki sita. Wakimkuta baba amelala tena, wataposa kwingine. Klaudia aliiosha ile sahani huku akilia. Niliona aibu, nikarudi zahanati mwenyewe.

Jovita hakunihubiria. Kila asubuhi nilikunywa mbele yake dawa aliyoitikisa yeye, na kila baada ya siku chache alipunguza. Nilipiga miayo, vinyweleo vikanisimama, makamasi yakanitoka. Kisha nikaharisha, safari hii kwa kweli! Kile choo nilichochimba kwa kunung'unika wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya nilikibariki. Siku nilizolia, alikaa nami kwenye benchi akinipa umbea wa mtaa wa Miembeni, Bukoba.

Siku moja kabla ya wageni kurudi, aliniona nikija kwa ule mwendo wa zamani. Alitoka mbio.

"Tata! Leo kweli?"

Nilimwonyesha chupa niliyoificha tangu mwanzo kibanjani, shambani nyuma ya nyumba, chini ya majani ya migomba. Ilikuwa imejaa, imetulia.

"Niliiweka kwa ajili ya siku mbaya," nikasema. "Ichukue."

Hakuipokea. "Itikise mwenyewe."

Niliitikisa. Mikono ilivyokuwa ikitetemeka, haikuwa kazi kubwa. Kisha nikaimwaga yote kwenye nyasi. Jovita akafuta machozi, akanikaripia kwamba namchelewesha kazini.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Majirani walinipisha njia, wakidhani naharisha.

Kesho yake mshenga aliongea saa nzima, maneno ya kumlaza mtu yeyote. Sikukosa hata moja. Klaudia alikuwa mlangoni, na macho yake hayakuwa kwa mchumba. Alikuwa ananitazama mimi.