Uradi wa Saa Kumi na Moja

Majirani wa Al Khoudh, Maskati, walikuwa wakimheshimu sana Bi Kheiria kwa uradi wake. Kila siku, akishasali alasiri na saa kumi na moja ikikaribia, hufunga mlango wa sebule, huuondoa mkono wa simu akauweka pembeni, na haonekani tena mpaka adhana ya magharibi. Mwenye haja naye husubiri. Wanawake wa mtaani wakiambizana kwamba yule mama si wa dunia hii, mwaona macho yanavyomwiva kwa kulia mbele ya Mola wake. Bi Kheiria hakuwahi kumwambia mtu kwamba anasoma uradi. Na kwamba hasomi, pia hakuwahi kusema. Ukweli ni kwamba mama huyu wa miaka arobaini na mbili, mkuu wa sehemu ya mafaili katika wizara moja, alikuwa akitazama katuni za Kijapani.

Na msidhani ni zile za paka na panya wanaofukuzana. Hizo alikuwa hazitazami hata kwa kulipwa. Zake ni zile ndefu, sehemu hamsini na ushei, za watu wenye macho kama visahani vya kahawa, wakipenda wanapenda kweli na wakifa ndio wamekufa. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Nahodha Sahar, mwanamke mwenye mvi upande mmoja wa kichwa, aliyekuwa akiendesha merikebu ya chuma juu ya mchanga wa jangwa na kuokota watoto waliopoteza wazee wao. Aliyezichora Mjapani, waliozitia maneno Waarabu, aliyekuwa akilia Mzanzibari. Midomo yenyewe ilikuwa ikiendelea kwenda juu chini baada ya maneno kwisha, lakini hilo halikumshughulisha. Wizarani kwao pia wako wengi wa namna hiyo.

Alikuja Maskati mwaka 1974, kigoli wa miaka kumi na nne kutoka Unguja. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha msahafu, akikisoma mbio mbio wala hajui anasema nini. Aliambiwa karibu nyumbani, kisha huko nyumbani kwenyewe wakamcheka kila alipofungua mdomo. Akaufunga. Akaolewa kimya, akaachwa kimya, akaajiriwa, na miaka ikapita anajibu kwa kutikisa kichwa. Masikini, walimdhania mtu wa haya.

Basi siku moja, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, alikuwa amekaa mbele ya televisheni na Balqis, binti wa marehemu kaka yake. Mtoto huyu wazee wake wote wawili walikwenda katika ajali moja ya gari, na tangu ana miaka sita analelewa na shangazi yake. Ikaanza katuni. Watu wa mle wakisema Kiarabu fasaha, cha vitabuni, polepole, neno moja moja, kama mwalimu mwenye subira. Nahodha Sahar akasema sentensi ndefu na Bi Kheiria akaifahamu yote, mwanzo mpaka mwisho. Akamshika mtoto mkono akamwambia anyamaze. Balqis wala hakuwa amesema kitu.

Hapo ndipo maradhi yalipomwingia. Alinunua daftari akawa anaandika maneno ya Nahodha na kuyahifadhi. Akenda Hamriya, kwenye duka la kanda za vidio la Mhindi mmoja wa Kerala, akachukua kanda ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu, yenye mwisho wa kisa, haikuja kabisa, na televisheni nayo kila ikikaribia mwisho Ramadhani huingia, vipindi hupanguliwa, baada ya Idi wanaanza upya. Mhindi alimuuliza ana watoto wangapi. Bi Kheiria akasema sita. Uongo huo ulimtesa miaka kumi, maana yule bwana alikuwa mtu wa adabu, kila akimwona huwaulizia. Ilipofika mwaka 2000 akataka kujua kama yule mkubwa ameshaoa. Bi Kheiria akajibu kwamba bado anachagua.

Ulimi nao ulifunguka, lakini ulifunguka kwa namna yake. Tarishi akichelewesha faili, Bi Kheiria humwambia kwamba wakati umewadia na majeshi hayamngoji aliyelala. Muuza samaki wa Seeb akipandisha bei, alimtahadharisha kwamba tamaa ndiyo mlango wa maangamizi. Yule muuza samaki alimpunguzia, na kwa hofu akamtia na kichwa cha jodari juu. Wizarani walioanza kwa kumcheka wakaishia kumletea hotuba zao azitengeneze. Mkurugenzi mmoja aliagwa kwa maneno ambayo Nahodha aliyasema kumzika mpishi wa merikebu, na ukumbi mzima ulipiga makofi.

Ukimuuliza yeye mwenyewe anachokipenda mle ni nini, na hakuna aliyemuuliza, angekwambia ni kwamba wale watu husema. Kwao Unguja na hapa Maskati pia, mtu akikupenda hukupa chakula, akikuchukia hukupa chakula, ukisafiri hukufungia chakula. Katika maisha yake hakuna aliyemwambia nakupenda, wala yeye hakumwambia mtu usende. Mle katika katuni wanapanda juu ya jabali, upepo unavuma, wanayasema yote kwa sauti mpaka machozi yanaruka. Talaka yake hakuilia, alikunja nguo akatoka. Lakini siku lilipokufa lile roboti la merikebuni la kuchota maji alishindwa kula.

Balqis alipofika miaka kumi na tano akaanza kuona haya. Wenzake shuleni, shangazi zao wanatazama tamthilia za Misri, wake anatazama katuni. Bi Kheiria akamwambia basi, keshaacha, na akaanza kufunga mlango. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata mwenyewe akaamini uradi kama walivyoamini majirani.

Mwaka 2002 Balqis alikuwa anamaliza chuo kikuu, akaja na habari za Muatasim. Kijana mzuri, mwalimu, lakini kwao Nizwa, watu wa ndani ya nchi, na mama yake, Bi Zakiya, alikuwa ameshauliza mbele za watu kama hawa wa Zanzibar wakisemeshwa wanafahamu au wachukue mkalimani. Maneno hayo yalimfikia Balqis. Akaja kukaa miguuni pa shangazi yake, akamwambia wanawake wa Nizwa wanakuja Alkhamisi, na hana mama wa kumsemea ila yeye. Posa ikivunjika itavunjikia ulimini mwa Bi Kheiria. Na ikikubaliwa, mtoto anahamia Nizwa, nyumba inabaki na mtu mmoja. Hili la pili Balqis hakulitaja, na shangazi hakulitaja. Alimuuliza kama amekula.

Alkhamisi wakaja watano. Halua ikaletwa, kahawa ikapita. Bi Zakiya alikuwa mwanamke mrefu, uso mkavu, amekaa kama aliyekuja kukagua nyumba. Akakitikisa kikombe kuonesha imetosha, kisha akamgeukia Bi Kheiria akamsemesha Kiarabu polepole na kwa sauti kubwa, kama asemeshwavyo kiziwi. Akasema kwao Nizwa hakuna anayesema Kiswahili. Msichana ataishi nao hapo hapo nyumbani. Je, huyu shangazi amefahamu hayo, na yuko radhi kumtoa?

Bi Kheiria alikuwa na maneno aliyoyatayarisha siku tatu. Yote yakamtoroka. Alimwona Balqis kwenye upenyo wa mlango, ameng'ata kidole. Alipofungua mdomo aliyetoka ni Nahodha Sahar. Akasimama, mgongo umenyooka, akasema kwa Kiarabu ambacho chumba kile hakijapata kukisikia:

"Namkabidhi kwenu aliye bora kuliko macho yangu mawili. Sikumzaa, lakini kila pumzi yake niliihesabu. Mchukueni. Na akinirudia na chozi moja, nitavuka majangwa saba nije niwaulize: chozi hili mmemliza kwa nini?"

Mmoja wa wale wanawake akajifuta macho kwa ncha ya shela. Mwengine akanong'ona kwamba huyu si mtu wa kawaida, lazima ana elimu kubwa ya dini. Bi Zakiya alimtazama Bi Kheiria muda mrefu, hata Balqis kule mlangoni akaona basi, yamekwisha. Kisha akaomba kahawa tena, ingawa kikombe alikwisha kukitikisa, akasema harusi iwe baada ya Idi.

Wakati wa kuagana Bi Zakiya alimbusu shavu la kulia, la kushoto, na pale sikioni akabakia kidogo.

"Nahodha aliyasema hayo hayo, dada yangu," akamwambia taratibu. "Na hakurudi kumtazama yule mtoto aliyemkabidhi. Mimi nimeiona mpaka mwisho. Wewe uje."

Akajitanda shela lake na uso wake mkavu, akaingia garini.

Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Bi Kheiria akafunga mlango, akauweka mkono wa simu pembeni, akawasha televisheni. Miaka kumi na mbili amengoja mwisho wa kisa kile, na mwisho kapewa na mama mkwe, kwa maneno mawili, baina ya shavu na mlango. Hatorudi. Merikebu ilikuwa inakwenda pale juu ya mchanga, na yeye akalia kama hajapata kulia, kwa sauti, na mikono kichwani.

Balqis akaingia bila ya kubisha, kwa furaha alisahau. Akaiona televisheni, akamwona shangazi yake, na furaha ikamwisha usoni.

"Shangazi, unalia nini?" Akapiga magoti. "Ni Nizwa? Niambie kweli. Ukisema nisende, siendi, nitampigia Muatasim sasa hivi."

Neno usende lilikuwa pale pale ulimini. Na jabali hili hapa, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye kiyoyozi.

"Nnalilia katuni, mwanangu," akasema Bi Kheiria. "Nahodha hatorudi."

Balqis akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashikilia kochi. Kumbe miaka yote hii, na uradi wote ule! Akambusu kipaji, akaurejesha mkono wa simu mahali pake, na akenda chumbani kwake kumpigia mchumba amhadithie. Bi Kheiria alimsikia anavyocheka kule ndani. Hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyokiri mbele ya mtu kwamba analilia katuni, na siku hiyo ilikuwa uongo.