Mwalimu Nyanjige na Mahudhurio ya Lamadi

Nyanjige Mboje alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka ishirini na moja katika shule moja ya msingi huko Ipililo, wilayani Maswa, siku alipomwambia mumewe kwamba anataka kusoma shahada. Paschal, mkulima wa pamba na mtu wa maneno machache, alikuwa anatia mpini kwenye jembe.

"Kwa hiyo utatuacha uende Dar?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Siendi popote. Ni masomo ya masafa. Chuo kitakuja kwenye simu."

Paschal aliitazama ile simu yenye kioo kilichopasuka, akacheka mpaka akaliweka jembe chini. Lakini wiki iliyofuata alimpeleka mwenyewe kwa pikipiki hadi Bariadi, kwenye kituo cha mkoa cha chuo, akamsubiri nje saa tatu nzima wakati anajaza fomu.

Nyanjige alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kwenda kidato cha tano Tabora, baba yake akafariki mwezi huohuo, na yeye akiwa mkubwa wa nyumba akachukua ualimu wa cheti ili wadogo zake wasome. Hilo hakulilalamikia. Ila kila walipoletwa walimu wapya wenye shahada, wakapewa vipindi vya darasa la saba alivyovizoea, alikuwa anakaa ofisini kimya akisahihisha madaftari kwa wino mwekundu kwa nguvu kuliko kawaida.

Chuo kiliwapanga wanafunzi katika vikundi vya watu watatu. Yeye aliwekwa na walimu wawili ambao hakuwahi kuwaona. Mmoja aliitwa Theonest, mtu wa Bukoba aliyekuwa anafundisha nje kidogo ya Mwanhuzi, wilaya ya Meatu. Mwingine alikuwa Jenipha, binti wa miaka ishirini na saba aliyefundisha Lamadi, kando ya ziwa, ambako wazazi wake walikuwa wanauza dagaa. Walikutana kwenye WhatsApp tu, kwa maandishi na kwa sauti.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Kazi ya kwanza ya kikundi ilipotakiwa, kulikuwa na msiba kwa shemeji yake Nyanjige, katika kijiji ambacho mtandao haukamati. Siku ya tano alirudi shuleni, akaiweka simu kwenye dirisha la darasa la sita, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, ujumbe ukaanza kumiminika. Wa mwisho ulikuwa wa Theonest: "Nimewasilisha. Mwalimu Nyanjige nimemtoa, hakuchangia." Kwenye mfumo wa chuo alama yake ilisomeka sifuri.

Alipiga simu papo hapo.

"Mwalimu Theonest, mwangaluka."

"Shikamoo, mwalimu. Kisukuma bado sijakielewa."

"Marahaba. Basi nikuambie kwa Kiswahili. Nilikuwa nazika. Ungeuliza."

"Ulikuwa kimya siku nne, mwalimu. Niliogopa sote tungefeli. Mimi nina watoto sabini na wanane darasani na ninasoma humohumo."

Nyanjige aliona kwamba mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka kama yeye. Wakakubaliana jambo moja: mtu akipotea, anatafutwa kwanza, hata kwa kumpigia mwalimu mkuu wake. Na lingine, ambalo lilikuwa wazo la Jenipha: badala ya kugawana kazi vipande vipande kisha kuviunganisha, kila mmoja awafundishe wenzake alichosoma, mpaka wote wawe wanaweza kukieleza. Ilikuwa inachukua muda. Lakini muhula wa pili hakuna aliyefeli somo hata moja.

Mwaka wa mwisho ukaja utafiti wa kikundi. Walichagua utoro wa wanafunzi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na daftari la mahudhurio mezani. Wangechukua darasa la tano la kila shule, kuanzia Machi hadi Oktoba 2024, wahesabu waliokuwepo kila siku, kisha walinganishe.

Hesabu za Ipililo zilieleweka mara moja. Mwezi wa tano na wa sita darasa lilipungua kwa sababu pamba ilikuwa imepasuka shambani. Za Mwanhuzi pia hazikuwa ngumu: kuanzia Agosti wavulana walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na ng'ombe kwenda kutafuta maji na malisho mbali. Tatizo lilikuwa Lamadi. Namba za Jenipha zilikuwa zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Wiki hii watoto hamsini na nane, wiki mbili baadaye thelathini na tisa, kisha hamsini na saba.

"Hizi tuziache," Theonest akasema kwa sauti. "Hazina mpango. Zitatuharibia kazi."

Jenipha hakujibu chochote siku ile. Nyanjige alijua kimya cha namna hiyo. Alikuwa amekiona kwa watoto wanaoambiwa wamekosea wakati hawajui kosa liko wapi. Jumamosi asubuhi akachukua karatasi ya manila, ile anayochorea jedwali la kuzidisha, akaitandika sakafuni, akaanza kuweka nukta za Lamadi. Nukta moja kwa kila siku ya shule, ya Machi hadi Oktoba. Alipoziunganisha kwa penseli aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia. Yalikuwa mawimbi. Bonde, kilima, bonde, kilima, na umbali kutoka bonde moja hadi jingine ulikuwa uleule, karibu wiki nne.

Akaipiga picha, akaituma. "Jenipha mwanangu, kila baada ya wiki nne huko kwenu kuna nini?"

Dakika kumi zikapita. Kisha ikaja sauti, na kabla ya maneno kulikuwa na kicheko.

"Mama! Ni mwezi! Ni mwezi wa angani! Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, hakuna kazi. Giza likirudi, asubuhi ufukwe wote umejaa dagaa wa kuanika, na watoto wapo na mama zao wanageuza na kufukuza ndege. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoro wa giza, nikasahau!"

Nyanjige alikaa chini pale sakafuni, kando ya karatasi yake, akajikuta anapiga makofi peke yake. Theonest alituma ujumbe wa neno moja: "Samahani." Halafu akatuma mwingine: "Jenipha, nifundishe huo mwezi."

Waliandika kurasa arobaini, wakawasilisha. Wiki tatu baadaye kikaja kile ambacho hakuna aliyekitarajia. Mhadhiri wao, Dokta Marcelo, aliandika kwamba takwimu za Lamadi zimepangika vizuri mno, na kwamba ana shaka zimepikwa. Kikundi kizima kinaitwa kujieleza. Ikithibitika, kazi inafutwa.

Paschal alimkuta mkewe amekaa mlangoni na simu mapajani. Akaisoma barua polepole.

"Mmedanganya?"

"Hatujadanganya."

"Basi beba daftari lako uende," akasema. "Mimi nitakupeleka."

Siku ya kujieleza, mwanzoni mwa mwaka 2025, watatu hao walionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, kwenye veranda ya kituo cha Bariadi. Theonest alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Jenipha alimpigia Nyanjige goti, akamkumbatia, na hakumwachia haraka. Kila mmoja alikuwa ameleta madaftari yake kwenye mfuko, yenye mihuri ya shule na saini za walimu wakuu.

Ndani kulikuwa na meza, kamera, na Dokta Marcelo kwenye kioo kikubwa ukutani, akiwa chuoni mbali. Mratibu wa kituo alikaa pembeni ili akague madaftari.

"Nimesoma kazi yenu," Dokta akaanza. "Ni nzuri kupita kiasi. Mara nyingi mmoja anaandika, wengine wanaweka majina. Kwa hiyo kila mtu nitamuuliza mahali ambapo si pake."

Alianza na Theonest. Kwa nini Ipililo wasichana walipungua kuliko wavulana? Theonest alijibu bila kusita: kuchuma pamba kunafanywa na mama na binti, bega kwa bega, na pamba iliyopasuka ikinyeshewa inachafuka, haisubiri likizo. Dokta akamgeukia Jenipha. Wavulana wa Mwanhuzi wameacha shule?

"Hapana, Dokta. Wamehama na ng'ombe, hawajaacha. Mvua za Novemba zikianza wanarudi. Shida ni kwamba wakirudi wanakuta mtihani umepita, na wengine wanaona aibu kuingia darasani. Hapo ndipo wanapoacha."

Dokta akaandika kitu. Kisha akasema, "Mwalimu Nyanjige. Umewahi kufika Lamadi?"

"Sijawahi."

"Utafiti wenu unaanzia Machi. Niambie Februari ilikuwaje, mwezi ambao hamkuuhesabu. Daftari la Februari lipo hapo?"

"Lipo," Jenipha akasema, "lakini sijawahi kulifungua kwa kazi hii."

"Lisifunguliwe. Mwalimu, sema kwanza."

Nyanjige aliomba karatasi. Hesabu ilikuwa kazi yake ya miaka yote. Akasema kwa sauti, kama anavyofanya ubaoni: "Machi mbalamwezi kubwa ilikuwa tarehe ishirini na tano. Nikirudi nyuma siku ishirini na tisa na nusu, ya Februari inaangukia ishirini na nne au ishirini na tano. Giza ni katikati ya mbalamwezi mbili, kwa hiyo tarehe tisa au kumi. Kuanzia Jumatatu ya tarehe tano hadi Ijumaa ya kumi na sita watoto watakuwa wachache, arobaini na kidogo. Kuanzia tarehe ishirini na mbili wamerudi, hamsini na tano kwenda juu."

"Mratibu, fungua."

Mratibu akafungua daftari, akapitisha kidole. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza karatasi.

"Tarehe tano, arobaini na tatu," akasoma. "Sita, arobaini na mbili. Tisa, thelathini na nane. Kumi na sita, arobaini na nne." Akageuza ukurasa. "Ishirini na mbili, hamsini na sita. Ishirini na tatu, hamsini na nane. Ishirini na sita, hamsini na tisa."

Dokta Marcelo alivua miwani.

"Walimu," akasema, "nimefundisha miaka kumi na saba. Naomba radhi kwa ile barua. Na naomba ruhusa yenu niifundishie kazi hii mwakani."

Theonest aliruka juu akapiga meza. Jenipha alikuwa analia na kucheka. Nyanjige alitoka hadi verandani, na Paschal alipomwona uso akajua, akapiga kigelegele ambacho kwa kawaida ni cha wanawake, watu wa barabarani wakageuka.

"Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma, akimwita mama. "Wabeja sana."

Walipata alama ya juu kuliko vikundi vyote vya mwaka ule, na Novemba Nyanjige akavaa joho. Shule ya Jenipha ilihamisha majaribio ya kila mwezi, yakawa yanafanyika wiki ya mbalamwezi. Ya Theonest ilianza kuwapa wavulana wanaorudi na ng'ombe mtihani wao wenyewe mwezi Desemba, na kati ya kumi na wanne walioondoka, kumi na watatu waliufanya.

Januari Nyanjige alipanda basi kwenda Lamadi kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa asubuhi ya giza la mwezi, na dagaa walikuwa wametandazwa ufukweni mpaka jicho linapoishia. Mama yake Jenipha alimpokea kwa mikono yote miwili, akamwangalia juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe uliyetuhesabu bila kutuona!"

"Ni mimi, mama."

"Basi njoo uone," akasema yule mama, akamshika mkono, na wakatembea pamoja katikati ya dagaa wanaong'aa, kuelekea kule watoto walikokuwa wanafukuza ndege.