Mwamkie, Lakini Usiende

Nilijua yule bwana anatoka gerezani kabla hajafika, kwa sababu dada yake alikuja dukani kwangu akanunua mche mzima wa sabuni. Siku zote alikuwa ananunua kipande. Nikamwuliza kama ana mgeni. Akasema, "Mdogo wangu anarudi," akachukua sabuni yake, akaondoka bila kunitazama.

Sikumwuliza anarudi kutoka wapi. Ilongero nzima ilijua. Alikuwa amefungwa kwa sababu ya mtoto wa jirani, msichana mdogo aliyekuwa anapita na ndoo yake. Alimwita, akamtuma aingie ndani amletee kiberiti, kisha akamfuata humo humo. Baada ya kesi wazazi wa yule mtoto walihama. Yeye ndiye aliyekuwa anarudi, na nyumba ya dada yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu.

Nilikuwa na binti wa darasa la pili. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, kila mwenye dirisha alifungua duka, na mimi nilitoboa ukuta wa chumba cha mbele nikawa nauza chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na mafuta ya alizeti tuliyokamua wenyewe kwa mashine ya mkono. Mume wangu alizunguka minadani na mitumba, akirudi ni kula na kulala. Kwa hiyo kazi ya kumlinda mtoto ilikuwa yangu. Sikumlaumu kwa hilo, ila nilinuna.

Balozi wa nyumba kumi alituita uani kwake. Vijana wa sungusungu walitaka apigwe na afukuzwe, mmoja wao akasema apelekwe Mgori, huko karibu na msitu, akakae na wanyama. Nikauliza, "Mgori hakuna watoto?" Walinigeukia wote. Nikawaambia hapa angalau tunamjua sura. Kule ataonekana mgeni mpole, atapewa kigoda, na watoto wataambiwa wamletee maji ya kunywa. Baadaye watu walidhani nilisema vile kwa huruma. Sikuwa na huruma naye hata kidogo, na leo pia sina nyingi.

Mwenyewe alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi, anatazama miguu yake. Balozi akamwambia atabaki, lakini asimwite mtoto wa mtu, asimtume mtoto wa mtu, na asionekane njia ya bomba watoto wanapokwenda kuchota maji. Akajibu, "Nimesikia, mzee." Dada yake alikuwa analia kwenye upindo wa khanga. Balozi akafunga kikao kana kwamba jambo limekwisha, watu wakakung'uta nguo wakaenda kwao.

Kwangu ndipo lilipoanza. Kwetu mtoto ni miguu ya kila mtu. Mkubwa yeyote aliyekaa barazani akimwona mtoto anapita, humwita na kumtuma, na mtoto huamkia, hupokea anachopewa, hukimbia. Mtoto anayekataa kutumwa husemwa mtaa mzima, na mama yake husemwa zaidi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokuwa nimemlea binti yangu kwa maneno na kwa kofi. Sasa nilitakiwa kumwambia kuna mkubwa mmoja asimtii.

Nilimwambia. Akauliza, "Na shikamoo je? Nisimpe?" Nikamwambia aache maswali. Baada ya siku chache akaniuliza kama fundi baiskeli naye ni mbaya, na mwalimu wa madrasa, na atawajuaje wabaya. Nilikuwa namsuka. Nikaacha kusuka. Yule bwana kabla ya kufungwa alikuwa anaamkiwa na watoto wote, hata mimi niliwahi kumwachia mzigo wangu anitunzie. Hakuwa na alama usoni. Nikimwonyesha mtoto mtu mmoja wa kumwogopa, ni kama namwambia wengine wote ni salama, na kama kweli ni salama nilikuwa sijui.

Nikaanza upya. "Mkubwa yeyote akikutuma," nikamwambia, "mwambie nakwenda kwanza kumwambia mama. Yeyote. Hata bibi wa ng'ambo. Hata balozi. Hata baba yako mdogo."

"Na shikamoo?"

"Mwamkie kila mtu. Mwamkie, lakini usiende."

Nikaongeza kwamba mtu akimwambia asimwambie mama, basi hilo ndilo aje aniambie kabla hata hajatua ndoo. Nikamwambia na mengine ambayo mama yangu hakuwahi kuniambia, juu ya mwili wake na mikono ya watu, nikiwa nimegeukia jiko ili nisimtazame. Aliitikia kila neno. Mimi ndiye niliyetoka jasho.

Tangu siku hiyo sikukaa tena. Bibi wa ng'ambo ya njia, ambaye hakuwa ndugu yangu lakini mtaa mzima ulimwita bibi, alikuwa na magoti mabovu na hamu kubwa ya ugoro. Alikuwa anamtuma binti yangu asubuhi na jioni. Sasa mtoto akitumwa alikuja mbio dirishani, "Mama, bibi anataka ugoro," na mimi naacha wateja, nafunga kidirisha, naupeleka ugoro. Mwingine anataka moto wa kuwashia jiko, mwingine kurudisha ungo wa watu. Nikawa ndiye mtoto wa kutumwa wa mtaa, mtu mzima mwenye mimba. Wenzangu waliiga kwa muda, halafu wakachoka, wakaacha. Nikasikia inasemwa kwamba mtoto wa mwenye duka ana kiburi, na kilikotoka kunajulikana.

Yule bwana alikuwa mnunuzi wangu. Alikuja na chupa yake ya mafuta, akasimama hatua moja nyuma ya watu. Alinizidi umri, na adabu ni adabu, kwa hiyo kila alipokuja nilimwambia, "Shikamoo, kaka." Naye akaitika, "Marahaba, shemeji." Sijui kama kuna kazi iliyonichosha kuliko shikamoo ile. Nilimtamkia kwa mdomo, na macho yangu yalikuwa yanamtafuta binti yangu yuko wapi.

Watu walilainika. Alikuwa mkimya, alichimba makaburi bila kuitwa, alisali. Mama mmoja nyuma ya nyumba yangu akamtuma mwanawe apeleke jembe kwa yule bwana likatiwe mpini. Nilimfuata nikamkumbusha maneno ya kikao. Akaniuliza, "Mpaka lini, mwenzangu?" Mtoto wa pili nilikuwa naye mgongoni, nimechoka hadi mifupa, na kusema kweli nilikuwa natamani mtu aniambie basi, inatosha, pumzika.

Halafu ikaja Idd. Mchana, watu wamekula, uani kwangu kuna wageni, wakwe zangu wakiwemo. Binti yangu alikuwa amevaa gauni jipya la mtumba, la rangi ya chungwa, anavuka njia kumpelekea bibi sahani. Bibi naye alikuwa ametenga bakuli la pilau kwa ajili ya nyumba ya jirani yangu, dada wa yule bwana. Akamkabidhi mtoto alipeleke. Nilisikia sauti ya bibi tu, ikipanda.

"Hata chakula cha Idd? Hata chakula unakwenda kuuliza?"

Mtoto akarudi analia, sikio limevutwa na bibi, mikono mitupu. Nyuma yake bibi alikuwa amejikongoja hadi katikati ya njia, fimbo mkono mmoja, bakuli mkono mwingine. Akasema kwa sauti ya kusikika na wageni wangu wote, "Mama, mtoto huyu hujamlea. Nimemtuma hapo tu, pua na mdomo, ananiambia mpaka mama ajue."

Mama mkwe wangu aliinamisha macho. Nilijua atakachoniambia wageni wakiondoka. Nikasema, "Shikamoo, bibi. Nisamehe mimi. Lakini mtoto amefanya nilivyomwambia."

"Pale si kwa dada yake? Nampelekea dada yake."

"Dada yake yuko Singida tangu jana, bibi. Kalazwa."

Bibi alitazama bakuli, akatazama ile nyumba. Alikuwa amesahau. Nikampokea bakuli, nikaenda.

Kabla sijapiga hodi mlango ulifunguka. Yule bwana alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. Hakunyoosha mikono kupokea. "Weka hapo kizingitini, shemeji," akasema. Nikaliweka. Nikamwambia ni la bibi.

"Nilisikia mtoto anatumwa," akasema. Alikuwa anasema na lile bakuli. "Msimtume huku. Hata dada akiwepo. Hata mkiniona nasali."

Nilingoja aongeze kitu, aseme amebadilika, au aseme anatania. Akainama, akachukua bakuli, akafunga mlango, nami nikasikia komeo likiingia.

Nilirudi hadi kwenye minyaa, nikasimama. Miaka yote ile kuna sehemu yangu iliyotumaini kwamba nalinda bure, kwamba mimi ni mwanamke mwenye wasiwasi tu na binti mwenye kiburi. Alikuwa ameniondolea tumaini hilo, na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru kimoyomoyo huku nikimwogopa kuliko siku aliyorudi.

Binti yangu alikuwa nyuma ya mashine ya alizeti, ameshika sikio. Mashudu yalikuwa yameshachafua gauni lake.

"Nimekosa adabu?" akauliza.

"Hapana. Umefanya vizuri. Na kesho ufanye hivyo hivyo."

Yule bwana alikaa pale kwa dada yake miaka mingine mingi, na mimi nikaendelea kulinda. Binti yangu alikua, akaolewa, na hakuna lililompata. Hakuna aliyenipongeza kwa hilo. Watapongeza nini, wakati hakuna kilichotokea?

Lakini jioni ile ya Idd, wageni wakiwa wameondoka na mama mkwe akiwa ameshasema yake yote, nilisikia bibi anaita kutoka ng'ambo. Mtoto akanyanyuka. Bibi akampungia fimbo akae.

"Wewe baki kwa mama yako," akasema. "Mama, njoo wewe nikutume."

Nikajifunga khanga, nikaenda.