Jua Lisilotua na Mkeka wa Futari

Enzi zetu, ukitaka kuijua dunia ilibidi ununue karanga. Sisemi karanga zenyewe, nasema karatasi yake. Wauza karanga wa Temeke walikuwa wakinunua magazeti na majarida chakavu kwa kilo, ya Kiswahili, ya Kiingereza, mengine hata hatukujua ni ya lugha gani, wanayachana na kuyasokota yawe vifuko vyembamba. Ukimaliza kula, unakikunjua kifuko chako, unakung'uta chumvi, unasoma. Ndivyo nilivyojua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Ndivyo nilivyojua kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake, na kwamba huko Australia kuna mnyama anayekunya vipande vya pembe nne mithili ya matofali madogo. Hiyo ya matofali tuliicheka mpaka Bibi akapiga marufuku kuitaja wakati wa kula.

Bibi ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu Sudi. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Mikocheni, anaondoka watu bado wamelala na kurudi jioni miguu imemvimba. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wa Bibi, na Bibi alikuwa mtu wa amri. Usipige mluzi ndani. Usifagie jioni, unafukuza riziki. Usimwite mtu mzima kwa jina lake, hata kama ni mlevi amelala mtaroni. Mpe shikamoo yake kwanza, halafu umwamshe.

Mchezo wetu wa jioni tuliuita Ajabu. Ulikuwa unachezwa kwenye baraza la saruji mbele ya nyumba yetu, na ulinoga zaidi mwezi wa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, pale tumbo linapoanza kuongea peke yake na harufu za majikoni zinapita na kukutukana. Kila mtu anatoa ajabu yake ya dunia, anaapa, kisha Kassimu anauliza, "Kaona nani?" Kassimu alikuwa mkubwa wetu, ameshaanza kuota vindevu vichache ambavyo alivishika kila alipotaka tuone kwamba anafikiri. Ukijibu ukaeleweka, unapigiwa makofi. Ukibabaika unaitwa redio mbao, na redio mbao hasikilizwi tena mpaka alete mtu wa kumsemea.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule ambao Sudi alikuwa anafunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma alikuwa anafunga nusu kama sisi wote, adhuhuri anaingia jikoni kumalizia makombo ya daku, anatoka anajifuta mdomo na uso wa uchamungu. Waliokulia Uswahilini mnaijua hiyo saumu.

Sasa, mtaani kwetu wanaume walikuwa hawafuturu ndani. Magharibi ikikaribia, mkeka mmoja mrefu ulitandikwa nje, na kila nyumba ikapeleka sinia lake: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. Mpita njia akikutwa na adhana anavutwa mkono aketi. Wanawake na watoto tulikula ndani, na ni watoto tuliobeba masinia mpaka mkekani na kurudi mbio. Tangu Baba afariki, nyumba yetu ilikuwa inapeleka sinia bila kupeleka mtu. Bibi alikuwa akichungulia dirishani kila jioni, na mimi nilijua anatazama nini.

Ndiyo maana alimwahidi Sudi, "Ukifunga na wanaume, utakula na wanaume." Na Sudi akafunga. Jioni ya kwanza alipotoka na kanzu ya Baba iliyopunguzwa, mikono bado mirefu, akaketi mkekani mgongo umenyooka kama aliyemeza mwiko, Bibi alifunga dirisha haraka akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa uani.

Ajabu iliyotuletea balaa ilitoka kwa Neema, mtoto wa jirani. Mama yake alikuwa mwalimu, mwenyeji wa Bukoba, na alimkataza Neema kula mbele yetu wakati wa mfungo, kwa hiyo karanga alikula nyuma ya mlango na karatasi akamletea Sudi. Jioni ile Sudi alisubiri wote wamalize, kisha akasimama. Akasema kuna nchi, juu kabisa kaskazini mwa dunia, ambako miezi fulani jua halitui. Linazunguka huko chini pembeni mwa anga na kupanda tena. Watu wanaweka mapazia mazito ili wapate usingizi.

Kassimu akashika vindevu vyake. "Kaona nani?"

"Imeandikwa."

"Iko wapi?"

Sudi alikimbia ndani. Akarudi mikono mitupu, kwa sababu Bibi alikuwa ameshaichukua ile karatasi kuwashia mkaa, na uji ulikuwa unachemka juu ya ushahidi wake.

"Haya," Kassimu akasema, "tufanye ni kweli. Huko Waislamu wapo?"

"Wapo. Waislamu wapo kila mahali."

"Sasa wanafuturu saa ngapi?"

Hapo baraza zima tuligeuka kulitazama jua, lililokuwa bado juu ya mapaa. Sisi saa zetu zinahesabiwa kwa jua. Likichomoza, siku inaanza, likizama, unakula. Jua lisipozama, mtu si atakaa na njaa yake mpaka afe? Na Mwenyezi Mungu, mwenye huruma, anaweza kuumba nchi ambayo mja wake haruhusiwi kufuturu? Tulilipima jambo hilo kwa akili zetu zote na njaa yetu yote, tukaona haiwezekani. Basi nchi hiyo haipo.

"Redio mbao!" Kassimu akahukumu. Angeishia hapo lingepita, lakini aliendelea. "Tena umetupiga kamba mchana wa Ramadhani. Funga yako imeshachanika. We ni kobe tu kama makobe wengine." Kobe kwetu ni mtu anayekula mchana kwa kujificha huku akijidai amefunga. Hakuna tusi lililokuwa likiuma kuliko hilo mwezi huo.

Habari ilimfikia Bibi kabla uji haujaiva. Bibi yangu alikuwa akiamini kwamba binamu yake aliwahi kusalimiana na jini mwenye kwato njia ya Mbagala, na hakumwuliza binamu huyo kaona nani. Lakini jua lilikuwa jambo jingine. "Jua halichezewi," akasema. "Leo utakula ndani." Jioni hiyo sinia letu likaenda peke yake. Sudi alikaa katikati yetu, na kaimati zilizokuwa mbele yake zilibaki kama zilivyopakuliwa. Nilimwonea huruma mpaka nikazila kwa niaba yake.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Neema, nami nyuma yake. Mama Neema alicheka, akachoma chungwa kwa kijiti cha mshikaki, akafunga pazia na kuwasha tochi. Akalilaza chungwa upande kidogo, akalizungusha taratibu. "Mnaona hapa juu? Zungusha unavyozungusha, mwanga hautoki." Tuliona. Tuliona pia kwamba chungwa limeiva na linatoa maji, na ilikuwa saa nane mchana. Sudi akauliza lile swali la Kassimu, wanafuturu saa ngapi. Mwalimu akazima tochi. "Hapo mwanangu umenishinda. Mimi ni Mkatoliki. Hilo muulizeni shehe wenu."

Barazani chungwa halikusaidia kitu. "Mwalimu kafika huko?" Kassimu aliuliza. Hakufika. "Basi."

Jioni ilipoingia Bibi alimwita Sudi jikoni. Nilikuwa napanga muhogo kwenye sinia, nikasikia kila neno. Sauti yake ilikuwa imelainika. Nafikiri naye ile nafasi tupu mkekani ilikuwa imemnyima usingizi. "Sudi, baba yangu, dogo hili. Toka hapo nje uwaambie wenzio uliwatania. Yaishe. Halafu uende zako mkekani, sinia litakukuta huko."

Sudi alikuwa analia, lakini alimjibu. "Bibi, nikisema niliwadanganya, hapo ndo ntakuwa nadanganya. Na mie nimefunga."

Bibi alisimama na mwiko mkononi. Alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu hadi uji ukaanza kushika chini, na Bibi hakuwahi kuunguza uji. Kisha akauweka mwiko, akajitanda kanga yake vizuri, akanyanyua sinia mwenyewe. "Nifuate," akasema.

Sikuwa nimepata kuona mwanamke akipeleka sinia mkekani kabla ya siku hiyo. Wanaume walipomwona anakuja, walio vijana walisimama, shikamoo zikamiminika, akaziitikia zote kwa pamoja. Mzee Mshamu, aliyekuwa mkubwa wa mkeka, akasogeza fimbo yake apite. Bibi aliweka sinia chini, akamshika Sudi begani.

"Nyie mmesikia maneno ya mtoto huyu," akasema. "Mie hilo jua sijaliona, na kwa umri huu sitaliona. Lakini huyu namjua. Amekataa kusema uongo ili ale. Msogezeeni."

Mzee Mshamu alijisogeza, akakunja miguu yake mibovu kwa taabu, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili. Sudi akakaa. Adhana ikalia, na mtu wa kwanza kumpa tende alikuwa baba yake Kassimu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo, nikalia nisijue kwa nini nalia, maana hata mimi bado nilikuwa siamini habari za lile jua.

Swali letu lilifika msikitini siku chache baadaye, kwa kuwa Mzee Mshamu lilimkereketa. Shehe hakushangaa hata kidogo. Alisema wanazuoni walishalijadili zamani: wasio na magharibi hufuata saa za mji wa karibu wenye magharibi, na wengine hufuata saa za Makka. Hawafi njaa. Mungu hakusahau mtu. Kassimu alikuja barazani jioni hiyo, akakaa, akavuta vindevu. "Haya Sudi," akasema, "lete nyingine." Uswahilini watoto wa kiume hawaombani radhi zaidi ya hapo.

Leo naishi Chamazi, na watoto wangu wana dunia nzima mfukoni. Sudi yuko Kinondoni, mzee wa mvi, na kwenye kundi la familia la simu ajabu zinamwagika kutwa. Samaki mwenye uso wa binadamu. Mbuzi aliyezaa mtoto wa Kichina. Asubuhi nimeletewa mti unaotoa damu, mchana nimeletewa dawa ya vitunguu inayoponya kila kitu kasoro umaskini. Ukimwuliza kijana haya kayasema nani, anakutazama kama umemuuliza maji yametungwa na nani. "Nimetumiwa tu, Mama." Na hawashangai! Hilo ndilo linaloniuma. Ajabu moja ilikuwa inatutosha mtaa mzima kwa wiki, tunaibishia, tunaiota. Wao wanaona ajabu arobaini kabla ya chai na hata kijiko hawakiweki chini. Sisi tulijua mambo machache, lakini kila jambo lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo tulimjua anapoishi, na bibi yake tulimjua.

Ndivyo nilivyokuwa nalalamika moyoni Jumamosi iliyopita, nikichambua mchicha, mvua ikiwa imetoka kukatika. Binti yangu mdogo, Zuhura, aliingia mbio, matope mpaka magotini.

"Mama, siafu wamejenga daraja! Kwenye mfereji! Wameshikana wenyewe kwa wenyewe, na wenzao wanapita juu yao!"

Kaka yake alikuwa amejilaza kwenye kochi. Hakuinua hata kichwa. Akabofya simu yake kidogo. "Acha kamba wewe. Nimesachi hapa, sioni kitu."

"Wako hapo nje!" Zuhura alipiga mguu chini, na machozi yalikuwa karibu. "Mama, haki ya Mungu, nimewaona kwa macho yangu."

Nilimtazama. Simu yake hakuwa nayo. Ilikuwa mezani, ameisahau. Macho yalikuwa yamemtoka, na anahema. Siku nyingi nilikuwa sijamwona mtoto yeyote nyumbani kwangu akihema kwa sababu ya kitu alichokiona. Nikasogeza ungo wa mchicha, nikavaa kandambili.

"Twende," nikamwambia. "Nionyeshe."