Bata Waliobanikwa na Habari za Tate

Mchana ule nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, na badala ya kupanda basi kurudi kwangu Northfield nikalale, nikaenda kula. Mama mmoja wa kwaya yetu, Mkongo wa Bukavu, alikuwa ametualika. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani wa udereva, na mahali alipachagua binti mwenyewe: mkahawa wa Wachina katikati ya mji, wenye bata waliobanikwa wakining'inia dirishani, ngozi zao zikimeremeta kama mbao iliyopakwa vanishi.

Tulikuwa wanne, mimi na wao wawili pamoja na muuguzi mwenzangu, Mkenya kama mimi, ambaye mbele ya chakula hana subira. Vioo vilikuwa vimefunikwa na mvuke, na watu wa nje walipita kama vivuli chini ya maji. Nyuma ya kaunta mzee mmoja alikuwa akikata nyama juu ya gogo, ta, ta, ta, na kila pigo lilinizamisha usingizini kidogo zaidi.

Yule mama alikuwa amefiwa na mama yake mzazi huko Bukavu miezi michache kabla, na hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Tangu hapo alikuja mazoezini, aliimba, alicheka panapostahili. Habari za kwao tu ndizo alizoacha kuzisema. Binti alizaliwa hapa ughaibuni. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na mama yake alikuwa ameshazoea.

Chakula kikaja: tambi ndani ya supu, wali, mboga za majani zilizong'aa kwa mafuta, na sahani ya bata.

"Hii nyama wametia sukari?" mama akauliza.

"Mama, kula kwanza. Maswali baadaye," mwenzangu akamjibu, mdomo umejaa.

Nikanywa supu. Joto lake likashuka polepole hadi kwenye nyayo zilizosimama usiku kucha. Nikaegemeza shavu kwenye kiganja, nikafumba macho, na kelele za mkahawa zikaenda mbali, Kikantoni na Kiingereza vikichanganyika kama mvua juu ya bati.

Ndipo nikasikia sauti ya msichana ikisema Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama, tate alikuwa anapikaka bata namna gani?"

Tate, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Nilidhani naota. Sauti sikuitambua, kwa kuwa sikuwahi kuisikia katika lugha hiyo. Nikafumbua jicho moja. Binti alikuwa amemwinamia mama yake, vijiti vikiwa bado mkononi. Mwenzangu alikuwa ameacha kutafuna.

Mama akamgeukia.

"Tate yako?" akasema. "Hakuchinjaka bata hata moja. Alikuwa anawafuga tu. Kila mmoja na jina yake. Sisi watoto tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo tu, bata wanatuangalia!"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi mabega yakatikisika, kisha kicheko kikageuka kilio bila kubadili sauti, na binti akaweka vijiti chini akamshika mkono. Nikafumba tena jicho langu. Nilihisi kwamba nikiamka wataacha.

Hawakuacha. Niliwasikiliza kama mtu aliyelala chumba cha pili nyumbani kwao, mlango ukiwa wazi. Binti aliuliza majina ya bata. Aliuliza kama tate alikuwa mrefu, na kama alimjua yeye, mjukuu wake. Ngeli zilimpotea kila mahali, "mayai yote ilikuwa ya nani", lakini mama hakumsahihisha hata mara moja. Mhudumu alikuja akajaza birika la chai, akaondoka.

"Alikuwa na picha yako juu ya kitanda," mama akasema. "Asubuhi anakusalimia mbele ya kusalimia watu wa nyumba."

Nilipoinua kichwa, supu yangu ilikuwa imepoa na sahani ya bata ilikuwa tupu. Mama alikuwa akipangusa vidole, macho mekundu, uso umetulia.

"Umelala vizuri, dada?" akaniuliza.

"Vizuri sana," nikamjibu.

Jumapili iliyofuata, kabla ya mazoezi, alisimama mbele ya kwaya akatusimulia mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Alizungumza kwa muda mrefu. Binti alikaa kiti cha mbele, na neno lilipompotea mama, binti ndiye aliyemtajia.