Sahani za Kurudisha

Kwetu Bunia sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukiletewa chakula unaosha sahani, unaweka kitu ndani, hata limau, ndipo unairudisha. Hakuna aliyetufundisha, tunaona tu wakubwa wanafanya hivyo. Ndiyo maana mama yangu, akitaka kumpelekea chakula jirani wetu wa nyuma, alikuwa anakifunga ndani ya jani la mgomba. Jani linatupwa, halidai kitu.

Jirani huyo alikimbia vita upande wa Djugu na watoto wake wadogo, akapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Mali yake ya maana ilikuwa maharagi ya mbegu, ndani ya bidoni, dumu la manjano lililokatwa shingo. Parokia ilimwazima kipande cha shamba kwenye njia ya Komanda, akawa anangoja mvua. Maharagi hayo hayakuguswa hata siku watoto walipolala na chai tu. Mimi ndiye nilikuwa napeleka jani. Naona haya kuongea na watu, basi kazi hiyo ilinifaa: naweka mlangoni, nabisha, naenda zangu.

Mvua ilipokaribia, wamama wa parokia walikuja kumtembelea. Walifika wamevaa kitenge cha namna moja, wakiimba toka barabarani, sahani mikononi: wali, sombe ya majani ya mihogo, samaki wadogo wa ndakala. Kiongozi wao aliomba kila mmoja ainue sahani yake vizuri, ili yeye apige picha na telefone. Watoto walikula wakashiba, hilo silifichi. Wageni wakaenda, sahani zikabaki.

Kesho yake, niliporudi kutoka masomo, nilimkuta mama amesimama mlangoni kwa jirani. Sahani zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka, zimeoshwa, na kila moja ina maharagi. Bidoni ilikuwa imelala tupu.

"Mama, hii si ya mbegu?" mama yangu aliuliza.

"Njo ile tu niko nayo, sina ingine. Watasema mukimbizi hana adabu."

"Na utapanda nini?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini jembe iko kwako." Jirani akacheka kidogo. Mama akaendelea, "Leta sahani. Kesho niko na mukutano nao, nitazibeba. Weye uko na watoto."

Nyumbani mama alimimina maharagi yote ndani ya kitambaa, akakifunga, akakiweka chini ya kitanda. Kisha alijaza sahani zile unga wetu wa mihogo. Siku zilizofuata tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni. Baba aliuliza unga umeenda wapi. Mama akajibu kwamba umeisha, na kweli ulikuwa umeisha.

Jumapili, wakati wa matangazo, kiongozi wa wamama alisimama. Alisema mama fulani, mkimbizi, amerudisha sahani zao zimejaa unga, na siye wenye nyumba na mashamba tujifunze kwake. Watu walipiga makofi. Jirani, aliposikia neno unga, aligeuka kututazama. Mama alikuwa anapiga makofi kama wengine. Mimi nilitamani mtu mmoja tu, hata yule aliyekaa pembeni yangu, ajue unga ulikuwa wa nani. Nilinyamaza kwa haya, si kwa utakatifu.

Baada ya misa jirani alitufuata mpaka jikoni.

"Wananisifu kwa unga yako. Nitaenda kumwambia yule mama."

"Ukimwambia, atatangaza tena." Mama alienda kuleta kitambaa cha maharagi, akamwekea mikononi. "Weye ulikwisha kutoa. Nilikuona umemimina yote. Miye nilibadilisha tu."

"Lakini sifa ni yako."

"Nitaifanya nini? Haipikike."

Jirani alipapasa kile kifundo. Mwishowe akasema, "Basi, kama unakataa asante, unipe huyu mutoto wako anisaidie kupanda. Mie peke yangu sitamaliza mbele ya mvua kufika."

Mama hakuniuliza kama nataka.

Tulienda siku ya mapumziko. Yeye alikuwa anatangulia na jembe anafungua mashimo, mimi nafuata na mbegu. Hatukuongea juu ya sahani. Katikati ya shamba aligeuka, akatazama ndani ya shimo moja nililokuwa nimejaza mbegu.

"Punguza mukono," alisema. "Hii si matoleo ya kanisa."

Nilitoa mbegu zilizozidi, nikafunika zilizobaki kwa mguu. Mvua ilitukuta kwenye mstari wa mwisho, tukaumaliza tukiwa tumelowa.