Magadi Kwenye Maharage ya Karibi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Rafiki zangu huniita Kochi, maana wakija hunikuta pale pale waliponiacha. Kwa hiyo shangazi yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali kule Kitete, hakuna aliyeuliza atakaa kwa nani mpaka apate nguvu. Asiye na safari ni mimi, na nyumba yangu ya Gongoni haina fujo.

Shangazi ndiye aliyenilea Itetemia nikisoma shule. Sasa zamu ya kulisha ilikuwa yangu, naye hali. Uji anaonja, ugali anasogeza pembeni. "Nimeshiba, baba," anasema, na hajala kitu. Daktari alishatuonya kwamba dawa zile bila chakula ni kumtesa bure. Na kila jioni wimbo ni ule ule: "Nirudishe Itetemia nikafe njaa kwangu."

Nikaona nimjaribu kwa kitu kigeni. Kwenye simu nilikuwa nimemwona mama mmoja wa visiwa vya Karibi akipika maharage kwa nazi, tangawizi, viungo, na pilipili mbuzi nzima ikielea juu. Ulikuwa mwezi wa tatu, sokoni kumejaa maharage mabichi kwenye maganda yake, mahindi mabichi, maboga, vitunguu vya majani. Nikamweleza muuza viungo, mzee wa hapa mjini, habari za punje aliyotia yule mama, yenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja.

"Hiyo sina," akasema. "Karafuu ninayo, mdalasini ninao. Ndoa utaifungisha mwenyewe jikoni."

Nazi zilikuwa zimepanda na lori kutoka pwani. Babu zetu waliitembea njia ile kwa miguu, pembe za ndovu begani. Mjukuu wao alibeba nazi mbili kutoka sokoni akapumzika kwenye kila kivuli.

Nikamwekea shangazi kiti jikoni.

"Ndiyo wapi huko Karibi? Mbele ya Kigoma?"

"Mbele sana, shangazi. Unavuka bahari."

"Umefika lini wewe, na Sikonge hapo hujafika?"

Nikakaanga vitunguu na tangawizi, nikatia viungo, maharage, boga, mahindi, tui jepesi na ile pilipili. Sufuria ilipoanza kuchemka, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la magadi, ukachota, ukamwaga. Kwetu maharage makavu hayapikwi bila magadi. Ndiyo yanayoyalainisha upesi, na shangazi alinifundisha hivyo kwa sababu kuni hazikuwa za kuchezea. Lakini haya yalikuwa mabichi! Nilipofunua, hapakuwa na maharage wala boga. Palikuwa na rojo la rangi ya udongo, na pilipili imekaa juu yake kama mwenye nyumba aliyenusurika mafuriko.

"Huko Karibi wanakula hivyo?"

"Hivyo hivyo, shangazi."

"Mwongo. Umetia magadi, nimeyanusa." Akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alazwe. "Hebu lete kidogo, nione umeharibu kiasi gani."

Akaonja. Nikaonja na mimi. Chini ya nazi na mdalasini lilikuwepo jiko la Itetemia: moshi wa kuni, sare ya shule bado mwilini, chungu cheusi, na yeye akinichapa mkono kwa mwiko nisidokoe. Sikutarajia kulikuta kwenye chakula cha kisiwani.

"Yangu yalikuwa hivi," akasema, "siku nikizidisha."

Akamaliza bakuli. Akalisukuma kwangu, na safari hii hakuwa anakataa, alitaka liongezwe.

"Kesho nitanunua mengine," nikasema.

"Nunua. Ila kazi yako kumenya. Kopo la magadi kaa nalo mbali."

Akalitawala jiko langu mpaka mahindi yalipokauka mashambani, kisha akarudi Itetemia kwa bodaboda, akimfokea dereva tangu mlangoni asikimbize. Siku hizi maharage mabichi yakiingia sokoni hunipigia simu: "Baba, yale ya kisiwani kwenu vipi?" Napika, natia magadi kwa makusudi, nafunga sufuria kwa kitambaa, namfuata. Kwa mtu kama mimi, hiyo ndiyo safari ndefu ya mwaka.